Miaka Kumi na Mmoja Begani

Kazi ya Gaju ilikuwa kupima mifupa ya watu ambao hakuwajua hata majina. Kila asubuhi aliwasha kompyuta katika chumba kidogo cha nyuma, kwenye kliniki moja ya mifupa huko Kagarama, akafungua picha ya eksirei ya bega, akatafuta mahali palepale: juu kidogo ya pale ambapo msuli mkubwa wa bega hujishika kwenye mfupa wa mkono, ambapo kuta mbili za mfupa huanza kwenda sambamba. Hapo alipima upana wa mfupa wote, akapima upana wa uwazi wa ndani unamokaa uboho, akagawanya kipimo cha kwanza kwa cha pili. Mfupa wenye kuta nene ulitoa namba kubwa. Mfupa ambao kuta zake zimelika ulitoa namba iliyokaribia moja.

Daktari Révérien, mpasuaji wa kliniki na mwenye utafiti huo, alikuwa ameweka mpaka wake kwenye moja nukta nne. Chini ya hapo, alisema, skrubu huingia mfupani kama msumari kwenye mche wa sabuni: inaingia vizuri, ila haikai.

Swali la utafiti lilikuwa rahisi kuliandika. Umri unaufanya nini mfupa wa bega, na je, unaufanya hivyohivyo kwa mwanamume na kwa mwanamke? Gaju alikuwa na mistari miwili ukutani mbele yake. Wa wanaume uliteremka taratibu, kama barabara ya lami iliyojengwa kwa kuwafikiria wazee. Wa wanawake ulikwenda karibu nao mpaka kwenye miaka hamsini hivi, kisha ukashuka kama ngazi za uchochoroni. Alikuwa amehitimu chuo mwaka uliotangulia, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba siku moja mistari ile ingemwepusha mama fulani na skrubu zinazolegea. Hakumwambia mtu imani hiyo. Pale kliniki watu walizungumza zaidi kuhusu umeme na chakula cha mchana.

Picha ya mia moja themanini na mbili ilifika Jumatatu. Mwanamke, miaka hamsini na mitatu. Alianguka Jumamosi. Mfupa wa bega la kulia umevunjika juu, vipande vitatu. Gaju akapima akapata moja nukta mbili moja.

Hakuiamini namba hiyo, kwa sababu katika wiki yake ya kwanza aliwahi kupima picha tisa mahali pa juu mno, na daktari alimrudishia zote bila kusema neno. Akapima tena. Akapima mara ya tatu, kisha akaenda kubisha hodi.

"Rudia," Daktari Révérien akasema bila kuinua macho.

"Nimerudia mara tatu, Daktari."

"Basi umepima juu tena."

Akaja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha Gaju, akavuta mstari kwa mkono wake. Akapata moja nukta mbili mbili. Akajikuna kidevu.

"Miaka hamsini na mitatu," akasema mwishowe. "Huu ni mfupa wa mama yangu."

Alikuwa amempangia mgonjwa huyo upasuaji wa Alhamisi: bamba la chuma na skrubu nane, kwa kuwa hakuwa mzee na alikuwa mtu wa kazi za mikono. Sasa akasita. Mwanamke wa umri huo, asiyetumia dawa zinazokula mifupa, asiyekunywa pombe, anapokuwa na mfupa wa namna hiyo, daktari hana budi kutafuta kinachoula. Akaandika vipimo vya damu. Akaandika pia kipimo cha uboho, ambacho kliniki yao haikuwa nacho. Hospitali kubwa ikajibu kwamba nafasi ya karibu ilikuwa baada ya wiki tatu.

"Na bega?" Gaju akauliza.

"Bega litangoja."

"Si ulisema baada ya wiki mbili vipande vinaanza kushikana vikiwa si mahali pake?"

"Nilisema. Lakini siwezi kutia chuma kwenye mfupa ambao sijui unaliwa na nini."

Ndivyo namba ya Gaju ilivyosimamisha upasuaji, na ndivyo alivyopata kumwona mwenye mfupa. Daktari alimtuma wodini Jumatano na fomu ya maswali.

Mgonjwa aliitwa Mukamana. Alikuwa fundi cherehani wa Kabeza, mwembamba, mwenye uso laini usiotaka kusema umri wake, kitambaa cha kijani kichwani na mkono wa kulia umefungwa kifuani. Pembeni yake aliketi mumewe, Usumani, ambaye aliuza vitambaa katika duka lilelile alimoshonea mke wake. Walizungumza Kiswahili wao kwa wao. Usumani alizaliwa nacho mtaa wa Biryogo, na Mukamana alikuja nacho kutoka Tanzania, alikokulia ukimbizini. Gaju naye alikipata kwa mama yake, aliyekulia Karagwe, kwa hiyo hawakuhitaji lugha nyingine.

"Mama, umewahi kuvunjika mfupa kabla ya huu?"

"Hajawahi," Usumani akajibu. "Huyu hata kukohoa hajui. Mwenye kuugua nyumbani kwetu ni mimi."

"Baba, ningependa mama ajibu mwenyewe."

"Ajibu nini ambacho mimi sijakiona? Nimekaa naye miaka ishirini na tisa."

"Baba Liliane, mwache binti afanye kazi yake," Mukamana akasema.

"Namwacha. Lakini aandike na langu. Daktari ananiambia bega la mke wangu ni la bibi. Nikamwambia, Daktari, mimi nilioa mtoto. Hilo la bibi mmelitoa wapi?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka. Mukamana alitazama vidole vyake vilivyochomoza kwenye kitambaa, akavikunja kimoja kimoja kama alivyofundishwa na muuguzi.

"Hedhi ilikoma lini, mama?"

Usumani akageukia dirisha ghafla, akawa anachunguza magari yaliyoegeshwa kama mtu anayetaka kununua moja.

"Mwaka juzi," Mukamana akasema haraka.

Gaju akaandika mwaka juzi. Kwa jibu hilo mfupa ulizidi kuwa kitendawili, maana miaka miwili haikutosha kuzila kuta zile kiasi kile.

Hakuna mtu pale kliniki aliyetamka neno saratani. Lilikuja kwa njia yake. Twahiru, mdogo wake Usumani, alikuwa na jirani aliyewahi kutolewa uboho kwenye nyonga, na jirani huyo hakumaliza mwaka. Kufikia Alhamisi duka la Kabeza lilikuwa limefungwa. Gaju alimkuta Usumani kwenye benchi la nje, kontena la chakula mapajani, macho mekundu.

"Binti, wewe ndiye uliyepima," akasema. "Uliona nini?"

"Niliona mfupa mwepesi, baba. Zaidi ya hapo sikuona kitu."

"Mwepesi wa kufa?"

Gaju alifundishwa kutojibu maswali ya namna hiyo. Aliketi kando yake.

"Mimi ndiye wa kutangulia," Usumani akasema. "Nina sukari, nina presha, na nimemzidi miaka mitano. Nimeshamwonyesha hati za nyumba zinakaa wapi, na ufunguo wa stoo. Kila kitu nimekipanga hivyo. Sasa unaniambia atangulie yeye? Mimi nitakaa na nani?"

Akafungua kontena, akaufunga tena mfuniko. Ulikuwa wali na maharage, na haukuguswa.

Usiku huo, kitandani kwake, Gaju alilirudia jibu la mwaka juzi. Alikuwa ameshauliza swali lile kwa wanawake tisini na zaidi, na alijua jambo moja: mama hakumbuki mwaka, anakumbuka watoto. Anayetaja mwaka mara moja, bila kuutafuta, mara nyingi alikuwa ameutayarisha.

Ijumaa adhuhuri, Usumani alipokwenda kuswali, Gaju aliingia wodini na karatasi yenye mistari yake miwili. Mukamana aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaishika mbali kidogo na macho, kama anavyoshika fundi mchoro wa gauni.

"Huu wa chini ndio wetu?"

"Ndiyo, mama. Unaona pale unapoanguka? Ni pale hedhi inapokoma. Kabla ya hapo mwili wa mwanamke unaulinda mfupa. Ulinzi ukiondoka, kuta zinaanza kulika, na miaka ya mwanzo ndiyo inayokula sana. Wanaume hawana ngazi hiyo. Wao wanashuka kidogo kidogo."

"Hata hapa wamependelewa," Mukamana akasema. "Na mimi niko wapi?"

Gaju akaweka kidole kwenye miaka hamsini na mitatu, chini kabisa, penye karatasi tupu. Nukta nyingine zote za umri huo zilikuwa juu yake. "Hapa. Peke yako." Kisha akakisogeza kidole kulia, bila kukipandisha wala kukishusha, mpaka miaka ya sitini, penye kundi zima la nukta. "Ungekuwa huku, ungekuwa na wenzako."

Mukamana alikifuata kile kidole kwa macho.

"Hedhi ilipokoma, mama, Liliane alikuwa darasa la ngapi?"

"Alikuwa ndiyo kwanza anaingia sekondari. Nilimshonea sare huku jasho linanimwagika kama nimekaa jikoni, hata kitambaa..." Akanyamaza.

Liliane, binti yao wa pekee, alikuwa mwalimu huko Huye, na alikuwa na miaka ishirini na minane. Fomu ya mama yake ilisema hivyo. Gaju hakuhitaji kalamu.

"Hiyo ni miaka kumi na mitano iliyopita," akasema polepole.

Mukamana akaikunja karatasi mara mbili, kwa uangalifu, akitumia goti lake kama meza.

"Mama yako alirudi mwaka gani?"

"Tisini na tano."

"Basi muulize kuhusu zile meza za kuandikisha waliorudi. Sisi tulirudi hatuna karatasi. Karani anauliza, umezaliwa lini, nawe unajisemea, naye anaandika. Kulikuwa na kituo cha kufundisha ushonaji, kinachukua wasichana wasiozidi miaka ishirini na mitano. Aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alisema thelathini, wakamwambia pole dada, simama kando. Mimi nilikuwa na thelathini na nne. Nimezaliwa sitini na moja. Sina mume, sina shule, sina shamba. Nilikuwa mwembamba hivihivi unavyoniona. Nikasema sabini na mbili."

"Karani akakubali?"

"Hakunitazama. Akauliza tu, sabini na mbili mwezi gani? Sikuwa nimefikiria mwezi. Nikasema wa kwanza."

Aliyasema hayo bila aibu. Sauti yake ilibadilika alipofika kwa Usumani. Kijana huyo alileta vitambaa pale kituoni. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na mama yake alitaka mkwe aliyepitwa umri na mwanawe, kama ilivyokuwa desturi. Mama mkwe alimkalisha kwenye mkeka akamuuliza miaka yake. Mukamana akajibu kwa ile ya karani, ishirini na minne. Ndoa ikafungwa juu ya jibu hilo. Alipata mtoto mmoja, hakupata wa pili, na wifi zake walishangaa msichana mdogo kama yule amepatwa na nini.

"Mwambie daktari," akasema. "Aache kutafuta huo ugonjwa, anitengeneze mkono. Nikiwa na mkono mmoja mimi si fundi tena. Lakini mume wangu asijue."

"Analia kila siku, mama. Anadhani unakufa."

"Namwona anavyolia."

"Na baada ya miaka yote hii, je, itamdhuru nini?"

"Ni kwa sababu ya hiyo miaka yote," Mukamana akasema. "Mwongo wa siku moja mtu anamsamehe."

Gaju aliahidi. Alitoka wodini akiwa na furaha ya mtu aliyepata dawa isiyouma.

Daktari Révérien alipoelezwa, aliegemea kiti akacheka kidogo, kisha akaacha. "Sitini na nne. Basi hana ugonjwa wa ajabu. Yuko mlemle walimo wenzake." Akafuta kipimo cha uboho, akaandika upasuaji wa Jumatatu, siku ya tisa tangu kuanguka. Alasiri akamwita Usumani, na kwa kuwa alikuwa ameombwa kuitunza siri ya mgonjwa, akamwambia maneno machache tu: tumeangalia upya, kipimo kile hakihitajiki tena, mkeo tutampasua Jumatatu, usiwe na wasiwasi.

Maneno hayo yangemtuliza mtu wa mahali pengine. Usumani alikuwa mtu wa hapa. Baba yake alipoumwa ini, daktari alisema vivyo hivyo: vipimo vimetosha, mzee arudi nyumbani apumzike, msiwe na wasiwasi. Walimzika baada ya siku kumi na sita. Shangazi yake vilevile. Katika ukoo wake, na katika koo nyingi alizozijua, mgonjwa hakuambiwa ukweli na ndugu hawakuambiwa wote. Daktari alipoacha kutafuta, watu walielewa kwamba ameshaona.

"Jana kipimo kilikuwa lazima," alimwambia Gaju kwenye korido, kwa sauti ya chini kabisa. "Leo si lazima. Hivyo tu?"

"Baba, amini daktari. Kweli hakuna kitu."

"Wewe ni mtoto mzuri. Nakuona unavyojaribu." Akamshika bega, kama yeye ndiye mfariji. "Lakini hamtamchana mke wangu bure akiwa anakwenda kufa. Twahiru ana gari. Kesho nampeleka Kampala, wakampime huko."

Gaju akaelewa alichokifanya. Huruma yake na ya daktari, zikiwekwa pamoja, zilikuwa zimemhakikishia Usumani kifo cha mkewe. Na Kampala ilikuwa siku nzima barabarani na bega lililovunjika, kisha foleni nyingine, kisha kungoja majibu. Siku ya tisa ingepita, na ya kumi na tisa.

Jumamosi haikuwa siku yake ya kazi. Alifika saa mbili na nusu asubuhi. Mlangoni mwa wodi alisimama muuguzi Béatha, mikono kiunoni.

"Huyu mzee iko anakataa kila kitu," akasema. "Nimemwambia asaini kwamba anamtoa mwenyewe. Ameshasaini."

Ndani, Usumani alikuwa akikunja kanga na kuziweka kwenye begi. Mukamana alikaa ukingoni mwa kitanda, ameshavishwa, kiatu kimoja mguuni.

"Gari iko Remera inatia mafuta," Usumani akamwambia Gaju. "Umekuja kutuaga, binti? Asante."

Gaju alimtazama Mukamana. Alikuwa ameahidi kutosema, na hakusema, ila hakuondoa macho yake usoni pa yule mama, na Béatha akaona hivyo, akavuta pazia upande wao akatoka.

"Baba Liliane," Mukamana akasema. "Kaa."

"Nikae nini, Twahiru yuko njiani."

"Kaa. Mimi siumwi. Mimi ni mkubwa."

"Mkubwa wa nini?"

"Wa umri. Nimezaliwa sitini na moja. Mfupa wangu si mgonjwa, umezeeka tu, kama wa wanawake wote wa umri wangu. Daktari ameacha kutafuta kwa sababu ameshajua."

Usumani alisimama na kanga mkononi. Kisha akatikisa kichwa, uso umejaa upole.

"Wamekufundisha useme hivyo," akasema. "Ili nisiumie. Daktari, na huyu binti. Mwisho mmekuja na hili."

"Hakuna aliyenifundisha."

"Mama Liliane, nimekujua ukiwa msichana."

"Ulinijua nikiwa na thelathini na tano." Akavuta pumzi. "Nilikusimulia vita vya Amini. Tulivyokimbia kutoka Kyaka usiku. Nilikuambia nilibebwa mgongoni, kwa sababu kwa miaka niliyokupa nilipaswa kuwa mtoto wa miaka sita. Sikubebwa, Usumani. Nilibeba. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mdogo wangu mgongoni, na gunia la mahindi kwenye bega hilihili. Kama hunisadiki mpigie huyo mdogo wangu, Sangwa, yuko hai. Muulize nani alimbeba."

Ilikuwa mara ya kwanza Gaju kumsikia akimwita mumewe kwa jina. Usumani aliketi. Kanga ilibaki mkononi, nusu imekunjwa. Midomo yake ilionekana ikihesabu.

"Mimi ni wa sitini na saba," akasema.

"Najua."

"Basi mimi ni mdogo wako."

"Kwa miaka sita."

"Na marehemu Mama alikuuliza. Nilikuwepo, mlangoni. Ukamjibu ukimtazama."

"Nilitazama mkeka."

Usumani akaikunjua kanga, akaanza kuikunja upya.

"Hiyo miaka," akasema mwishowe, "chukua. Kumi na mmoja, ishirini, sijui. Wote tulisema uongo kwenye meza za makarani miaka ile, hata Twahiru alijiongezea apate kazi. Lakini nimelia siku tatu. Nimefunga duka. Nimemwambia Liliane aombe ruhusa shuleni aje amuage mama yake. Wewe umekaa hapo, unanitazama."

"Nilikuwa nakutazama."

"Ukaona bora nilie."

"Niliona bora ulie kuliko uondoke."

Usumani akaiweka kanga juu ya begi, akainuka. Akamwambia Gaju, kwa adabu ileile, "Binti, mwambie daktari afanye kazi yake Jumatatu." Kisha akatoka. Walisikia viatu vyake mpaka mwisho wa korido. Mukamana akakivua kile kiatu kimoja kwa mguu wa pili, akakisukuma chini ya kitanda.

Usumani hakurudi siku hiyo, wala Jumapili. Liliane alikuja kutoka Huye, akaambiwa, akasema tu, "Kumbe ndiyo maana, mama, hujawahi kusherehekea siku yako ya kuzaliwa," akaanza kumsuka nywele. Fomu ya ridhaa Mukamana aliisaini mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Kwenye nafasi ya umri palikuwa pameshaandikwa hamsini na tatu. Akaomba kalamu tena, akakata, akaandika sitini na nne, kwa herufi zilizopinda kama za mtoto.

Daktari Révérien alimweleza mpango. Asingetegemea skrubu pekee. Kwa mfupa mwepesi, alisema, mara nyingi kano zinazouzunguka huwa imara kuliko mfupa wenyewe. Kwa hiyo angepitisha uzi mzito kwenye kano, pale zinapojishika, na kuzifunga kwenye bamba, na ndani angeongeza kipande cha mfupa kiwe nguzo.

"Unashona," Mukamana akasema.

"Kwa namna fulani."

"Uzi gani?"

Daktari alimtajia. Akataka kujua unene wake, na kama unavutika ukilowa, na ni mishono mingapi. Daktari akajibu yote, akasahau kidogo kwamba alikuwa na wagonjwa wengine. "Sita ni michache," Mukamana akasema mwishowe. "Mahali pa kuvutika weka minane." Daktari alishona minane. Hakueleza kama ni kwa sababu aliambiwa.

Gaju alirekebisha mstari mmoja katika jedwali lake. Nukta ya mia moja themanini na mbili ikahama kutoka penye karatasi tupu, ikaenda kukaa katikati ya nyingine, na hakuna ambaye angeweza kuitambua tena. Kisha alikaa akizitazama nukta nyingine zote, mia moja themanini na moja, na akajiuliza ni ngapi zilijibiwa mbele ya karani asiyeinua macho. Akaongeza swali moja kwenye fomu: hedhi ilipokoma, mtoto wako alikuwa darasa la ngapi. Akaongeza la pili, kwamba mgonjwa aulizwe akiwa peke yake.

Wiki ya sita Mukamana alirudi kupigwa picha. Vipande vilikuwa mahali pake, na skrubu zote zilikaa. Daktari aliitazama picha muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema sasa mazoezi yaanze: mkono utambae juu ya kitu, uteleze mpaka usawa wa meza, kisha usawa wa bega la mtu aliyekaa.

Usumani ndiye aliyemleta. Alirudi nyumbani siku ya nne baada ya upasuaji, Liliane alisimulia, akafungua duka, akapika, na hakuzungumza ila ya lazima. Hakumwita tena mtoto. Hakuwa amepata neno jingine.

Katika chumba cha mazoezi hapakuwa na kitu cha usawa uliotakiwa. Meza ilikuwa chini mno, dirisha juu mno. Mtaalamu wa mazoezi akaenda kutafuta kiti kirefu. Usumani alingoja kidogo, kisha akavuta stuli, akaketi mbele ya mkewe, akampa mgongo.

Mukamana akauweka mkono kwenye mbavu za mumewe, akaanza kuupandisha. Vidole vilitambaa kwenye shati, vikasimama, vikatambaa tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Ilichukua muda mrefu. Gaju, mlangoni na faili yake, hakuthubutu kuingia.

"Bado nina hasira," Usumani akasema, akiutazama ukuta.

"Najua," Mukamana akasema. "Usisogee. Nimebakiza kidogo."

Hakusogea. Mkono ukafika begani, ukakaa.